Kadi Kumi na Tisa

Mimi ni mtu wa kupanga vitu. Nimefanya kazi ya kufunga vitabu katika duka moja la uchapishaji River Road kwa miaka kumi na minane, na ukiniletea karatasi zilizovurugika nitakugombeza kwanza ndipo nikuhudumie. Nyumbani Kangemi, mimi ndiye niliyeandika zamu za kuosha choo cha pamoja cha ploti tunamopanga vyumba, na mimi ndiye niliyekwenda kugonga mlango wa yeyote aliyejifanya amesahau yake. Majirani waliniita mwalimu mkuu. Sikujali, tena nilipenda. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa aina gani aliyemfanyia mdogo wangu alichomfanyia.

Mdogo wangu alikaa mlango wa pili kutoka kwangu, na mumewe na watoto wao wawili. Watoto wote wawili walitoka kwa upasuaji. Baada ya yule wa pili, mshono ulifunguka akalala hospitali wiki tano, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, daktari alimketisha, akaniita nami nisikie. Alisema kizazi kimekuwa chembamba pale penye mshono, kwamba mimba ikiingia mapema kinaweza kupasuka, na kikipasuka akiwa nyumbani huenda tusifike naye popote. "Angoje mpaka huyu mtoto aanze shule," alisema. Mtoto mwenyewe alikuwa bado hajaota jino.

Kwa hiyo ikawa sindano ya miezi mitatu. Vidonge alikuwa amevijaribu zamani vikampandisha presha. Sindano ilimkubali. Kila tarehe ilipofika tulikwenda pamoja kwenye kituo cha afya, akachomwa, akarudi akisugua bega na kunung'unika kwamba muuguzi ana mkono mzito. Mambo yalikuwa mepesi hivyo. Hata sikuwahi kufikiri kwamba kitu chepesi kama kile kinaweza kukosekana.

Halafu ikaja korona.

Tarehe ya mdogo wangu ilikuwa Ijumaa, mwezi wa pili wa barakoa. Tulifika kituoni asubuhi tukakuta hema kubwa limesimamishwa uwanjani, watu waliovaa mavazi meupe kutoka kichwani hadi miguuni, na mlango wa chumba cha uzazi wa mpango umefungwa kwa kufuli. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilisema huduma zimesitishwa kwa muda. Nikamfuata muuguzi mmoja aliyekuwa akipima watu joto langoni; kwetu kila muuguzi tunamwita daktari.

"Daktari, huu muda ni muda gani?"

"Hatujaambiwa, mama. Sisi wote tumepelekwa kwa hema. Family planning si emergency saa hii."

"Kwa huyu ni emergency. Amepasuliwa mara mbili."

"Mama, rudini nyumbani. Mnajazana hapa na hamjui nani ako nayo."

Nilimjibu vibaya. Sitaandika nilichosema. Mdogo wangu alinivuta mkono, akamwomba radhi yule muuguzi kwa niaba yangu, kama alivyozoea kuniombea radhi kila mahali tangu tukiwa wadogo. Yeye ndivyo alivyoumbwa. Mimi nikikanyaga watu, yeye anafuata nyuma akiwapa pole.

Wiki ile nilizunguka maduka ya dawa yote ya Kangemi, kutoka sokoni mpaka barabara kuu. Kila mahali jibu lilikuwa moja, mzigo haujaingia. Chakula cha mchana River Road nikakigeuza muda wa kutafuta. Nilipanda ngazi za kila jengo lenye kibao cha kliniki, na kati ya hizo nyingine zilikuwa zimefungwa kabisa, nyingine zina msichana mmoja nyuma ya kioo anayetikisa kichwa kabla hujamaliza sentensi. Nilinunua kondomu nikampelekea mdogo wangu kwenye mfuko wa gazeti. Alizipokea akaona haya. Mumewe alikuwa mtu wa mjengo, kibarua wa ujenzi, na mijengo ilikuwa imesimama, kwa hiyo alishinda nyumbani mchana kutwa katika chumba kimoja na mkewe. Siku mbili baadaye mdogo wangu aliniambia kwamba shemeji amezicheka, amesema yeye si mgeni katika nyumba ile. Nilikwenda nikamwambia shemeji ukweli wake mlangoni, ploti nzima ikisikia. Alisema, "Sawa, dada, nimeskia." Watu wengi wamewahi kuniambia wamesikia ili niondoke tu.

Wiki ya pili mtu akatuambia kuna kliniki Kilimani inayochoma. Tulikwenda kwa miguu, tukakata kupitia Lavington, chini ya miti ya watu matajiri, jua likiwaka na barakoa zimelowa jasho. Tulitembea mbio mbio kwa sababu nilikuwa nimeomba ruhusa ya nusu siku tu. Tulipofika, askari wa lango alimwelekezea mdogo wangu kile kipimo cha joto kwenye paji la uso.

"Madam, mashine inasema thirty-eight. Siwezi kumwingiza."

"Ni jua! Tumetoka Kangemi na miguu!"

"Hiyo sasa ndio mbaya zaidi, umesema Kangemi."

Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wa jengo la jirani, nikamwagia mdogo wangu maji ya chupa usoni, nikampepea na khanga. Alicheka, akasema nampoza kama chai ya mtoto. Tukarudi langoni. Safari hii kipimo kilikubali, lakini dada wa mapokezi alisema lazima mtu awe ameweka nafasi kwa simu, na nafasi ya karibu ilikuwa baada ya wiki sita. Wiki sita! Nililia pale mbele ya meza yake, mimi ambaye hata kwenye mazishi ya baba sikulia mbele za watu. Alinisogezea chupa ya dawa ya kutakasa mikono. Nadhani hakujua afanye nini kingine.

Basi wiki ya tatu, Jumatatu, ikaja habari ambayo niliipokea kwa kupiga magoti sakafuni nikamshukuru Mungu. Muuguzi mmoja wa kituo chetu alikuwa amepata sindano kiasi, na mchungaji wa kanisa la jirani amempa ukumbi, kesho yake, saa tatu asubuhi. Ila mikusanyiko ilikuwa marufuku. Kwa hiyo muuguzi aliagiza kwamba mtu mmoja akusanye kadi za kliniki za wanawake wote wa eneo letu na kuziweka mezani, na wenyewe wasimame nje uwanjani, mbalimbali, waitwe mmoja mmoja kwa jina. Wanawake hawakujadili hata dakika moja. Wakasema mwalimu mkuu azikusanye.

Hapa lazima nieleze desturi ya kituo chetu, kwa sababu mambo yote yalisimama juu yake. Pale, anayetangulia kufika huweka kadi yake mezani. Wa pili huweka yake juu ya hiyo, wa tatu juu ya ya pili, hivyo hivyo. Muuguzi akija hulishika rundo zima akaligeuza, na kadi iliyokuwa chini kabisa, ya yule aliyetangulia, inakuwa ya kwanza. Hakuna anayeambiwa. Kila mwanamke wa Kangemi anajua, nami nilikuwa najua.

Jumanne kadi zilianza kuletwa mlangoni kwangu kukiwa kumepambazuka. Ya kwanza ilikuwa ya mdogo wangu. Nilihakikisha. Niliiweka kwenye stuli, nikapanga nyingine zote juu yake kadiri zilivyokuja, na sikumruhusu mtu hata mmoja kuchomeka yake katikati. Ya mwisho ililetwa na mama mmoja muuza mboga, nikiwa tayari nafunga mlango. Nilimkaripia. "Umelala, sasa kadi yako ni ya mwisho, na usiniletee nyimbo." Alisema mtoto alikuwa akihara. Nikamwambia hata mimi nina shida zangu. Zilikuwa kadi kumi na tisa.

Ukumbini nilifika kabla ya muuguzi. Mdogo wangu alisimama mlangoni, hatua chache tu kutoka kwangu, mtoto mgongoni, kwa kuwa yeye ndiye angeitwa kwanza. Nikaweka kadi juu ya meza. Sasa, katika kazi yangu, karatasi zikitoka kwenye mashine, ukurasa wa kwanza unakuwa chini na wa mwisho juu. Mfunga vitabu hulichukua rundo, akaligonga mezani kingo zilingane, akaligeuza ili ukurasa wa kwanza uwe juu. Ndiyo kazi. Nimegeuza marundo kwa miaka kumi na minane. Nilizichukua kadi zile, nikazigonga mezani kingo zikalingana, nikazigeuza. Kisha nikarudi nyuma na kusimama, nimeridhika na jinsi zilivyokaa vizuri.

Muuguzi akaingia, amebeba kisanduku cha baridi. Alisalimia, akavaa glavu, akalishika rundo. Naye akaligeuza.

Jina la kwanza aliloita lilikuwa la mama wa mboga.

Nilielewa papo hapo. Niliona mikono yangu ikifanya ile kazi tena, nikajua mdogo wangu yuko chini kabisa. Ningeweza kusema wakati ule. Ilikuwa ni hatua nne mpaka mezani, na maneno manne: samahani daktari, nimezipanga vibaya. Mama wa mboga alikuwa anapita mbele yangu, ananitazama kwa mshangao, na huko nje wanawake walikuwa wameshaanza kuguna. Mmoja, mama mapacha wa ploti yetu, akauliza kwa sauti, "Mwalimu, si ulisema huyu ni wa mwisho? Mbona ameanza?"

Nikamjibu, "Sijui. Daktari ndiye anapanga."

Nilisema hivyo. Nilimsingizia mwanamke aliyekuwa ameacha hema lake na kuja kutuhudumia, kwa sababu sikutaka kina mama kumi na wanane niliowagombeza kuhusu utaratibu wajue kwamba mwalimu mkuu ameharibu hesabu. Ndani yangu nilijiambia dozi zitatosha. Kisanduku kilionekana kikubwa. Kila jina lilipoitwa nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, nikiomba, nikijiambia nitasema baada ya huyu, basi baada ya huyu. Mdogo wangu aliendelea kusimama pale mlangoni, akimbembeleza mtoto. Sikumtazama usoni.

Baada ya mtu wa kumi na mbili, muuguzi akafunga kisanduku.

"Mama zangu, poleni. Zimeisha. Jaribuni baada ya wiki mbili."

Nilimkimbilia nyuma ya ukumbi alipokuwa akinawa mikono. Nilimwambia kuhusu mishono, kuhusu kizazi, kuhusu tarehe iliyopita. Nilimshika nguo. Akakifungua kisanduku nikaona vipande vya barafu tu na maji. Alikuwa amechoka, macho mekundu juu ya barakoa.

"Mbona hukuniambia mapema ako na case kama hiyo?" aliuliza. "Ningemwanza yeye. Ungeniambia tu."

Wiki mbili zilipopita hakuja. Tulisikia ameugua, na tukasikia amehamishwa. Sijui lipi lilikuwa kweli. Nilirudi kituoni nikakuta kufuli lile lile. Nilizunguka tena mjini, ngazi zile zile, vioo vile vile. Mdogo wangu alianza kulala na watoto sakafuni, akimwambia mumewe kwamba mgongo unamuuma. Kwa muda fulani ilisaidia.

Mwezi wa nane alinifuata nikiwa nafua uani. Aliinama akachukua shati kwenye beseni langu, akaanza kulisuuza bila kuombwa. Kisha akasema, "Dada, siku zangu zimepotea mara mbili." Niliendelea kusugua kola ya blauzi moja mpaka ikachanika. Nilitaka kumwambia wakati ule, lakini mambo yalikuwa tayari mazito juu yake, na nikajiambia nitasema akishajifungua salama. Ni ajabu jinsi uoga unavyoweza kujivika nguo za huruma.

Miezi iliyofuata niliishi na masikio yamesimama. Kliniki ya wajawazito ilikuwa imefunguliwa siku mbili kwa wiki, na kila mara tulipewa barua ya kwenda hospitali kubwa, na hospitali kubwa ikatuambia turudi wiki ya thelathini na sita apangiwe upasuaji. Mama yetu alipiga simu kutoka Machakos kila Jumapili kuuliza hali. Nilimwambia kila kitu kiko shwari. Usiku nilikuwa silali, nikisikiliza ukuta. Nilimchukia shemeji kwa moyo wote, ilinirahisishia maisha. Nilimchukia muuguzi wa kwanza, askari wa Kilimani na dada wa mapokezi. Watu wa kuchukia walikuwa wengi, na niliwapanga vizuri sana.

Wiki ya thelathini na moja, saa nne asubuhi, nikiwa kazini nakata karatasi, mama mapacha alipiga simu. Mdogo wangu alikuwa ameanguka penye kamba ya nguo. Alikuwa anashika tumbo na midomo imekuwa myeupe. Walikuwa wamemweka kwenye gari la jirani, shemeji amempakata. Niliacha mashine inazunguka nikakimbia.

Hospitalini wagonjwa waliruhusiwa kuingia na mtu mmoja, naye alikuwa shemeji. Mimi nilizuiwa langoni. Nilisimama kwenye ua wa waya kuanzia saa tano mpaka saa kumi. Wale walioleta wagonjwa wao walikuwa wamejipanga kando ya ua ule, kila mtu na kifurushi chake cha nguo na chupa ya chai ambayo hakuna aliyekubali kuipokea. Kila aliyetoka na koti jeupe nilimwita. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia Mungu achukue mikono yangu, nilisema hivyo hasa, chukua mikono hii miwili, sitaihitaji, umwache yeye. Sikuona haya kusikika.

Saa kumi na dakika chache daktari kijana alitoka na shemeji. Shemeji alikuwa anatembea kama mtu aliyevua miwani.

"Mama amepona," daktari alisema. "Alipoteza damu nyingi lakini amepona. Mtoto hatukumpata. Na kizazi imebidi tukitoe."

Mtoto alikuwa wa kike. Shemeji ndiye aliyemwona, mimi sikuruhusiwa. Yeye na ndugu zake wawili ndio waliomzika, watu watatu tu. Aliporudi alikuja kuketi mlangoni kwangu na kulia, na chuki yote niliyokuwa nimemwekea haikuwa na pa kukaa tena. Nilimpikia chai.

Mdogo wangu alirudi nyumbani baada ya siku kumi na moja. Niliomba likizo. Nilimwosha, nilimlisha, niliwapeleka watoto wake kwangu. Hakulalamika. Alisema asante kwa kila kitu, asante kwa maji, asante kwa mto, na kila asante ilinichoma. Jumamosi moja asubuhi aliniomba nimfumue nywele, kwa kuwa alikuwa amesukwa tangu kabla ya hospitali na kichwa kinamwasha. Alikaa kwenye mkeka katikati ya miguu yangu, amenipa mgongo. Nilifumua upande mmoja wote. Kwa vile sikuwa naona uso wake, nikapata nguvu.

Nilisema, "Ile siku ya kanisa. Kadi yako ilikuwa ya kwanza. Mimi ndiye niliyezigeuza pale mezani, na daktari akazigeuza tena. Niliona, na sikusema kitu."

Mkono wake ulikuwa unaokota nywele zilizoanguka mkekani, akizikusanya kidoleni.

"Najua, dada," akasema. "Nilikuwa hapo kwa mlango. Nilikuona ukizigeuza."

Kichana kikanitoka mkononi.

"Ulijua? Sasa mbona hukusema? Mbona hukupiga kelele?"

"Wamama wote walikuwa wanakuangalia. Sikutaka uaibike." Akazizungusha zile nywele kidoleni. "Na nilijua utasema. Kila jina likiitwa nilikuwa najiambia, sasa dada anasema."

Aliokota kichana, akanirudishia juu ya bega bila kugeuka, akainamisha kichwa ili nifikie nywele za kisogoni.